Barua ya njia ya mabasi Uingereza: dereva mpya anapata pointi ngapi?

Msomaji ameuliza: "Nilikuwa naendesha gari Mombasa kwa miaka tisa. Hapa Manchester nimefaulu mtihani miezi minne iliyopita. Wiki mbili nyuma, jioni natoka kazini, gari la mbele lilisimama likingoja kukata kulia. Nikalipita kwa kushoto, nikajikuta ndani ya njia ya mabasi. Leo imekuja barua ya pauni 70, ina jina la mume wangu kwa sababu gari ni lake. Watu wananiambia dereva mpya akipata pointi 6 ananyang'anywa leseni. Hii ni pointi ngapi? Mume wangu aandike kwamba mimi ndiye niliyekuwa naendesha? Nilipe au nipinge?"

Dada, ni pointi sifuri. Leseni yako haijaguswa na haitaguswa na barua hiyo, hata kama ingekuwa ya tatu au ya nne.

Angalia juu ya barua uone nani kaituma na imeitwaje. Kama imetoka halmashauri ya jiji na kichwa chake ni Penalty Charge Notice, basi ni deni la madai, si kesi ya jinai. Kamera ilisoma namba ya gari, halmashauri ikaiuliza DVLA, idara ya serikali ya leseni na usajili wa magari, gari limesajiliwa kwa nani, ikamwandikia huyo. Nani alikuwa nyuma ya usukani hawajui, na kwa kosa hili hawana haja ya kujua. Halmashauri haina uwezo wa kuandika chochote kwenye leseni ya mtu. Hata pale polisi wenyewe wanapomsimamisha dereva kwa kuwa ndani ya njia ya mabasi tu, bila kosa lingine juu yake, kosa hilo halina pointi.

Kwa hiyo mume wako asihangaike kukutaja. Kwenye deni hili anayedaiwa ni mwenye gari aliyesajiliwa, na kusema "aliyeendesha ni mke wangu" hakumwondolei deni wala hakulihamishii kwako. Malipo yanaweza kutoka mfukoni mwa yeyote, ila pingamizi mkiamua kuliandika liende kwa jina lake. Wewe ukiandika kwa jina lako bila idhini yake, halmashauri inaweza kukurudishia barua ikisema haikutambui, na siku zinakwenda. Waliokodi gari hali yao ni tofauti kidogo: kampuni ya kukodisha huwapa halmashauri jina la aliyekodi, au hulipa kisha ikamkata mteja pesa hizo pamoja na ada yake yenyewe.

Sasa hiyo sheria uliyosimuliwa. Ipo kweli. Ni sheria ya madereva wapya ya mwaka 1995, ilianza kutumika Juni 1997. Ukifikisha pointi 6 ndani ya miaka miwili tangu ufaulu mtihani wako wa kwanza, DVLA inafuta leseni. Hakuna hakimu wa kumweleza shida zako za kazi au watoto wa kupeleka shule. Pointi zikitimia, barua inatoka. Unarudi kwenye leseni ya kujifunzia, unabandika tena alama ya L, unakaa na msimamizi pembeni, unafanya upya mtihani wa nadharia na wa barabarani. Pointi zenyewe hazifutiki kwa kufaulu tena. Kinachohesabiwa ni tarehe ya kosa, si tarehe ya hukumu, kwa hiyo kosa la mwezi wa 23 linakupata hata kama kesi imesikilizwa mwezi wa 26. Pointi ulizopata ukiwa bado na leseni ya kujifunzia, kama muda wake haujaisha, nazo zinajumlishwa.

Miaka yako tisa ya Mombasa haiingii kwenye hesabu hiyo. Leseni za Kenya, Tanzania na Uganda hazimo kwenye orodha ya nchi ambazo leseni yake inabadilishwa hapa moja kwa moja. Mkazi anaruhusiwa kuitumia miezi 12, baada ya hapo lazima awe amefaulu mtihani wa hapa, na siku anapofaulu anakuwa dereva mpya sawa na kijana wa miaka 17. Wengi wetu hawalijui hili. Mtu ameendesha lori Mombasa hadi Malaba miaka kumi na tano, anadhani "dereva mpya" ni mwanawe.

Ndiyo maana ningependa uogope kitu kingine, si barua hii. Kuna barua ya pili inayofanana nayo kwa macho ya mtu mwenye haraka, na hiyo ndiyo inayokula leseni. Inatoka polisi, si halmashauri. Kichwa chake ni Notice of Intended Prosecution, na ndani yake kuna fomu ya kumtaja dereva chini ya kifungu cha 172 cha sheria ya usafiri barabarani. Hutumwa kwa makosa kama mwendo kasi au kupita taa nyekundu. Hapo mambo yanageuka: mwenye gari ana siku 28 za kumtaja aliyekuwa anaendesha. Akinyamaza, anafunguliwa kosa la kutomtaja dereva, linaloandikwa MS90, nalo lina pointi 6. Kosa la mwendo lenyewe lingekuwa pointi 3, na pengine angepewa nafasi ya kwenda kozi badala ya pointi. Kunyamaza ndiko kunakofikisha 6. Dereva mpya mwenye gari kwa jina lake, aliyezoea kuziweka barua kwenye droo hadi mwisho wa mwezi, anaweza kupoteza leseni bila hata mtu kuthibitisha kwamba ndiye aliyeendesha.

Na barua ya aina hiyo ikija, anayetajwa ni yule aliyeendesha kweli. Kuna desturi ya mzazi au mume kusema "acha nibebe mimi, leseni yangu ni ya zamani". Hapa huko ni kupotosha haki, na watu hufungwa. Mwaka 2013 aliyekuwa waziri, Chris Huhne, na Vicky Pryce, aliyekuwa mke wake, walihukumiwa miezi minane jela kila mmoja kwa sababu mke alikuwa amebeba pointi za mwendo kasi za mume miaka kumi kabla.

Turudi kwenye pauni zenu 70. Nje ya London faini ya njia ya mabasi hapa England ni pauni 70, na ukilipa mapema ni 35. Kwa barua zilizotokana na kamera, kipindi cha punguzo kwa kawaida ni siku 21, na hesabu inaanza siku barua inapochukuliwa kuwa imefika, yaani siku ya pili ya kazi baada ya kutumwa, si siku mliyoifungua. Zikipita siku 28 bila malipo wala pingamizi, inafuata barua iitwayo Charge Certificate na deni linaongezeka kwa nusu: 70 inakuwa 105. Hapo haki ya kupinga kwa njia ya kawaida imekwisha. Baada ya siku 14 nyingine halmashauri inaweza kulisajili deni kwenye kituo cha mahakama kinachoshughulikia faini hizi, Traffic Enforcement Centre, na mwisho wa njia hiyo ni madalali wa mahakama mlangoni, pamoja na ada zao ambazo huipita faini yenyewe. Nimeona pauni 35 zikifika mahali ambapo gari linafungwa mnyororo wa tairi, na chanzo hakikuwa ubishi wa mtu. Barua ilikuwa inakwenda nyumba aliyohama.

Kabla ya kulipa, angalieni video. Kwenye barua kuna anwani ya tovuti; ingizeni namba ya barua na namba ya gari, mtaona picha na mara nyingi sekunde chache za video. Msiitazame kama watu wanaotafuta kujitetea. Isimamisheni pale tairi la mbele la kushoto linapokanyaga mstari, msome saa iliyo pembeni ya picha. Saa hiyo imo ndani ya saa zilizoandikwa kwenye kibao? Mstari unaokanyagwa ni mzito usiokatika, au ni ule wa vipande? Gari ni lenu kweli, rangi na aina, au namba imesomwa vibaya? Tarehe ya tukio na tarehe ya kutumwa barua zimepishana siku ngapi? Kwa kawaida barua inatakiwa ikufikie ndani ya siku 28 tangu tukio, isipokuwa DVLA ilichelewa kutoa jina.

Sababu zinazokubalika zinajulikana. Kosa halikutokea, kwa maana ya saa, mahali au alama. Gari lilikuwa limeshauzwa, liliibwa, au lilikuwa limekodishwa. Kiasi kinachodaiwa si sahihi, au utaratibu umekiukwa. Amri iliyoianzisha njia hiyo ya mabasi yenyewe haina nguvu. Juu ya hizo, halmashauri ina hiari ya kusamehe kwa sababu nzito: mgonjwa ndani ya gari, askari aliyekuelekeza kuingia, ajali iliyoziba njia. "Mimi ni dereva mpya" haimo. "Sikujua" haimo. "Sikuona kibao" inaingia tu ikiwa kibao kilikuwa hakionekani kweli, mathalani kimefunikwa na matawi au kimegeuzwa na upepo, na hapo unahitaji picha ulizopiga mwenyewe siku chache baadaye, kutoka pale dereva anapokaa na kuelekea upande uliokuwa unaelekea.

Kwako wewe, kukwepa gari linalosubiri kukata kulia, sikufichi, ni hoja dhaifu. Gari linalongoja nafasi halijaziba barabara. Sheria inategemea wewe ungoje nyuma yake. Ingekuwa gari limeharibika na limewasha taa za tahadhari, ningekwambia andika. Kuna njia moja ndogo iliyobaki: wasikilizaji wa rufaa wana kanuni ya kutojali kosa dogo mno, kwa mfano tairi moja limekanyaga mstari kwa sekunde moja au mbili pale njia ya mabasi inapokaribia kuisha. Video ikionyesha hivyo, pingamizi lina maana. Ikionyesha gari zima limeingia na kwenda mita thelathini, lipeni 35 mlale.

Mkipinga, pingeni ndani ya kipindi cha punguzo. Halmashauri nyingi zikikataa pingamizi lililofika mapema hukurudishia nafasi ya kulipa nusu, ila hazilazimiki, kwa hiyo soma barua yao ya kukataa hadi mwisho. Pingamizi lisizidi ukurasa mmoja: namba ya barua, namba ya gari, tarehe, sababu moja iliyo imara, picha. Maelezo ya maisha yako Uingereza hayasaidii, na sababu tano dhaifu huizika moja nzuri. Usilipe huku unapinga, kwa sababu malipo yanafunga faili. Wakikataa, mna siku 28 za kukata rufaa kwa Traffic Penalty Tribunal kama mko nje ya London, au London Tribunals kama tukio ni la London. Ni huru na halmashauri, ni bure, na kwa kawaida huna haja ya kwenda popote; yote yanafanyika mtandaoni au kwa simu. Mnachokiweka rehani ni tofauti kati ya 35 na 70.

Lakini jambo ninalotaka ulifikirie usiku huu ni lingine: njia uliyopita siku ile ndiyo unayopita kila siku ukitoka kazini? Barua huchukua wiki moja hadi mbili kufika. Mtu anayerudia kosa lilelile kila jioni bila kujua hupokea barua ya kwanza, kesho yake ya pili, keshokutwa tatu kwa mpigo, na kila moja ni deni kamili. Ukikuta hivyo, waandikieni halmashauri mara moja kwa barua moja inayotaja namba zote, mkieleza kwamba safari zote zilifanyika kabla ya barua ya kwanza kufika na kwamba tangu hapo hamjarudia, na muombe walau zile za baadaye zifutwe kwa hiari yao. Hawalazimiki kukubali. Wapo wanaokubali, hasa mkilipa ya kwanza bila kubishana.

Aliyezoea mwendokasi ya Dar es Salaam ana tatizo la pekee hapa. Kule njia ya mabasi iko katikati ya barabara, ina kingo zake na vituo vyake, na ukiingia trafiki anakusimamisha papo hapo. Hapa ni rangi tu ubavuni kushoto, hakuna ukingo wala mtu, na wiki nzima unadhani mambo ni shwari.

Kwa hiyo jifunze kusoma mistari. Njia inapoanza utaona mstari mweupe wa vipande unaokata kwa mshazari kutoka ukingoni, na mshale unaokuelekeza uhamie kulia. Baada ya hapo mstari unakuwa mnene na haukatiki. Huo hauvukwi saa ambazo njia ni ya mabasi. Kibao ni cha buluu, cha pembe nne, kina mchoro wa basi na mara nyingi baiskeli, na neno taxi, na chini yake saa. Kibao kisichoandikwa saa maana yake ni saa 24, siku zote. Kikisema Jumatatu hadi Ijumaa, usidhani Jumatatu ya sikukuu imesamehewa, isipokuwa kibao chenyewe kimesema. Rangi nyekundu au ya kijani iliyopakwa chini haina nguvu ya kisheria. Kuna njia za mabasi zisizopakwa rangi kabisa. Saa za kibao zikipita, iingie na uitumie kama njia nyingine yoyote, msongamano wote wa kulia usikutie woga.

Kukata kushoto ndiko kunakowaponza wageni wengi. Unaiona kona yako mbele, unaogopa kuikosa, unaingia njia ya mabasi mapema. Subiri hadi mstari mnene ukome au ugeuke vipande karibu na kona. Hapo ndipo umeruhusiwa. Kuivuka ili kuingia uani kwako au kituo cha mafuta kunaruhusiwa, mradi unakata moja kwa moja na si kutambaa ndani yake. Gari la wagonjwa likija nyuma na king'ora, lipe nafasi pale ulipo bila kuvunja sheria. Ukiwa umeshaingia, liseme hilo kwenye pingamizi, kwa kuwa video inaweza kulionyesha likipita.

Kibaya kuliko njia yenyewe ni geti la mabasi, linaloandikwa barabarani BUS GATE. Hapo si upande mmoja wa barabara, ni barabara nzima, kipande kifupi cha mita chache, na ramani ya simu inaweza kukupeleka ndani bila onyo. Alama yake ni duara la buluu lenye basi. Ukiliona, tafuta kona ya mwisho kabla yake. Usirudi nyuma wala usigeuze gari ghafla katikati ya magari, maana sasa umetoka kwenye faini isiyo na pointi na unanyemelea kosa la kuendesha bila uangalifu, ambalo kwa uchache ni pointi 3.

Woga wa kamera ya basi ndio unaomsukuma dereva mpya kwenye makosa yenye pointi. Anapita taa nyekundu ili asibaki kwenye kamera: pauni 100 na pointi 3. Anashika simu aangalie ramani imempeleka wapi: pauni 200 na pointi 6, na kwa dereva wa miezi minne leseni imekwenda kwa mguso huo mmoja. Wewe unaendesha gari la mume wako, kwa hiyo nakuuliza pia: jina lako limo kwenye bima yake? Bima ya mwenye gari haimfuniki mke kwa kuwa ni mke. Kuendesha bila bima ni pauni 300 na pointi 6, na askari akikusimamisha kwa jambo lingine lolote, hilo ndilo analoangalia kwanza.

Kwa walio London, badilisha namba. Barabara za TfL (mamlaka ya usafiri ya London), zile zenye mistari myekundu ukingoni, faini ni pauni 160, nusu yake ukilipa ndani ya siku 14, na njia nyingi za mabasi kwenye barabara hizo sasa ni za saa 24. Wanaofanya kazi za abiria kupitia programu za simu wakumbuke kwamba neno taxi kwenye kibao ni zile teksi nyeusi. Gari la kukodi la kawaida linaruhusiwa kuingia kushusha au kupakia abiria kwenye barabara za TfL na kutoka, si kusafiri ndani yake.

Bima haiulizi kuhusu barua hizi. Inauliza pointi na hukumu, na hii si mojawapo, kwa hiyo bei ya mwakani haitapanda kwa sababu yake. Kama unaomba ukazi wa kudumu au uraia, weka nakala ya barua pamoja na risiti, kisha jibu kila swali la fomu kama lilivyoandikwa. Faini iliyolipwa haina uzito, deni lililofika mahakamani linaanza kuuliza maswali. Na ikija meseji ya simu yenye kiungo ikisema una faini ya njia ya mabasi, ifute. Barua ya kwanza ya halmashauri huja kwa posta.

Leo hii pia mume wako atazame kadi ya gari, ile V5C, kama anwani ni ya sasa. Kubadilisha anwani ni bure kwenye tovuti ya serikali, na kutobadilisha kunaweza kutozwa hadi pauni 1,000. Kama mlihama na barua ya zamani imewakuta tayari kwa madalali, jazeni fomu ya Traffic Enforcement Centre mkitamka kwamba barua ya kwanza haikuwafikia. Mna siku 21 tangu amri ya kudai deni inapochukuliwa kuwa imefika. Zikipita, mtahitaji kwanza kuomba ruhusa ya kuchelewa. Ombi likikubaliwa amri inafutwa, zile ada zinaondoka nayo, na faini inarudi hatua za nyuma ambako bado mnaweza kulipa au kupinga.